Anza na Mlango wa Chuo: Mwongozo wa Kuchagua Masomo kwa Mwanafunzi wa Sekondari wa Mwanza na Mzazi Wake

Kila Januari, siku chache baada ya kutoka kwa matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili, karatasi moja huzunguka madarasani katika shule nyingi za hapa Mwanza, ikiwa imepigwa mistari ya kutenga safu tatu: sayansi, sanaa na biashara. Mwanafunzi huandika jina lake katika safu mojawapo, humpitishia jirani yake wa dawati, na kipindi huendelea kama kawaida. Nimeisimamia karatasi hiyo kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa taaluma, na nakiri kwamba mwanzoni niliichukulia kuwa kazi ya kiofisi tu, ya kupanga mikondo na kutengeneza ratiba. Nilichelewa kuelewa kwamba katika dakika zile kumi mtoto wa miaka 15 au 16 huweza kuufunga mlango ambao atakuja kuugonga akiwa na miaka 20, huku hakuna aliyemweleza kwamba mlango huo upo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayekaribia uchaguzi huo na kwa mzazi au mlezi atakayeketi naye. Njia ninayoipendekeza ni kuanza na masharti ya kujiunga na kozi, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye darasa ulilopo leo. Wengi hufanya kinyume chake: huanza na mwalimu wanayempenda au somo wanaloliogopa, wakasonga mbele wakitumaini kwamba huko waendako patakuwa na kitu. Tafuta daftari moja jipya, hata la kurasa 40, na ulitenge kwa kazi hii peke yake, kwa sababu utalihitaji kwa miaka kadhaa.

Hatua ya kwanza: fahamu unachagua lini

Uchaguzi wa masomo haufanyiki mara moja. Kuna vituo vitatu, na kila kimoja kina uzito wake.

Kituo cha kwanza ni Kidato cha Kwanza. Tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, elimu ya sekondari ya chini ina mikondo miwili, yaani mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa elimu ya amali, ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya ufundi au uzalishaji. Si kila shule inatoa amali, na shule inayotoa haitoi fani zote, kwa hiyo swali la kuuliza shuleni ni fani zipi hasa zinafundishwa na kama karakana ina vifaa.

Kituo cha pili ni mwisho wa Kidato cha Pili. Hapa ndipo mwanafunzi wa mkondo wa jumla huamua masomo ya hiari atakayobaki nayo hadi mtihani wa Kidato cha Nne. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, Fizikia na Kemia husomwa na wote katika vidato viwili vya mwanzo, kisha huwa za hiari, ilhali Hisabati, Kiswahili, Kiingereza na Baiolojia huendelea kwa kila mtu. Orodha ya masomo ya lazima imebadilika katika mtaala mpya, ambao umeleta pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, hivyo usitegemee orodha aliyosomea kaka yako au dada yako. Iombe kwa mwalimu wa taaluma orodha ya darasa lako, uinakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na uweke alama kwenye yale ya lazima na yale ya hiari.

Kituo cha tatu ni fomu ya uchaguzi ambayo wanafunzi wote huiita Selform, ambamo mtahiniwa wa Kidato cha Nne hutaja tahasusi, yaani makundi ya masomo matatu, anazozitaka kwa ajili ya Kidato cha Tano pamoja na vyuo. Kituo hiki ndicho kinachozungumzwa sana, lakini kwa maoni yangu cha pili ndicho kizito zaidi, kwa sababu aliyeacha Kemia akiwa Kidato cha Pili hana tena cha kuchagua katika Selform chenye somo hilo ndani yake.

Hatua ya pili: orodhesha kazi kwa kuziangalia

Ukimuuliza mwanafunzi anataka kuwa nani, atakujibu daktari, mwanasheria, rubani au injinia, kwa kuwa hayo ndiyo majina anayoyajua. Sioni ubaya wa majibu hayo. Ubaya ni kwamba orodha ni fupi mno, na mtu hawezi kuchagua asichokijua.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, siku ambayo magari ya mizigo yamepanga foleni, usimame karibu na gunia moja la dagaa linalopimwa kwenye mzani. Anayelishona gunia unamwona, na mpakizi unamwona. Lakini dagaa hao wamekaguliwa na mtu aliyesomea ubora na usalama wa mazao ya uvuvi, ambaye kazi yake imesimama juu ya Kemia na Baiolojia. Boti iliyowaleta ina injini inayotengenezwa na fundi, na sangara wanaoingia viwandani hukaa katika vyumba vya baridi ambavyo mitambo yake huhitaji mtu anayeelewa Fizikia. Ushuru wa gunia hilo umeandikwa na karani, na hesabu za mwezi zimefungwa na mhasibu. Kuna afisa uvuvi anayefuatilia zana haramu ziwani, na kuna watafiti wa TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wanaochunguza hali ya samaki. Mnunuzi aliyetoka Kongo anaongea Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, na dalali anayekifahamu Kifaransa hicho huelewana naye haraka kuliko wenzake. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumsikia mwanafunzi akiniambia kwamba anataka kusoma Kifaransa kwa sababu ya dagaa, nami naona ni sababu nzuri kabisa.

Fanya zoezi hilo kwa sehemu tatu unazozifahamu. Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na nyuma yake walikuwapo wapima ardhi, wahandisi wa ujenzi, wataalamu wa udongo, wataalamu wa mazingira na maofisa ugavi. Hospitali ya Bugando ina madaktari na wauguzi, lakini pia ina wataalamu wa maabara, wa mionzi, wa dawa, wa lishe, wa vifaa tiba, wa takwimu na wa ustawi wa jamii. Huko Ukiriguru, wilayani Misungwi, wapo watafiti wa kilimo, na mbegu za pamba zinazoanza na herufi UK, ambazo wazazi wengi wa Usukumani wamezipanda bila kujua maana ya herufi hizo, zimechukua jina la kituo hicho. Andika katika daftari kazi 15 hadi 20, kisha baada ya wiki moja zipunguze zibaki tano. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili hana haja ya kubaki na moja.

Hatua ya tatu: soma masharti ya kozi, kisha rudi nyuma

Hatua hii ndiyo kiini cha mwongozo wote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa mwongozo wa udahili unaotaja kila kozi ya shahada, chuo kinachoitoa na sifa za kujiunga nayo. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, hutoa mwongozo wake kwa ngazi za astashahada na stashahada. Miongozo yote miwili hupatikana bure katika tovuti za taasisi hizo, na mwenye simu janja na bando la siku moja anaweza kuipakua na kuwagawia wenzake wote. Mwaka ubadilikapo, soma toleo jipya, kwa kuwa masharti huguswaguswa mara kwa mara.

Chukua kozi tano zinazolingana na kazi zako tano, kisha kwa kila moja andika mambo matatu: masomo yanayotakiwa Kidato cha Sita, masomo yanayotakiwa Kidato cha Nne, na njia nyingine ya kuingia kwa kupitia stashahada. Nitaonyesha kwa mfano mmoja, kwa kirefu, kwa sababu ni njia inayowatega wengi.

Tuseme kazi ni udaktari. Kozi ya Udaktari wa Tiba, ambayo hapa Mwanza hutolewa na Chuo Kikuu Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba kilichopo Bugando, humtaka aliyetoka Kidato cha Sita awe na ufaulu mkuu, yaani alama A hadi E, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Tahasusi yake basi ni PCB, yaani herufi za kwanza za majina ya Kiingereza Physics, Chemistry na Biology, na hapo hakuna ubishi. Rudi nyuma hatua moja: ili uchaguliwe PCB unapaswa uwe umefaulu vizuri masomo hayohayo matatu Kidato cha Nne. Rudi hatua nyingine: ili uyafanyie mtihani Kidato cha Nne unapaswa uwe hukuiacha Fizikia wala Kemia mwisho wa Kidato cha Pili. Sasa tazama njia ya pembeni. Mwenye stashahada ya utabibu aliyepata wastani wa jumla (GPA) wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba udaktari bila kupita Kidato cha Sita, lakini huulizwa pia cheti chake cha Kidato cha Nne, nacho kinatakiwa kionyeshe angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa hiyo somo la Hisabati ambalo mtoto alilipuuza akiwa na miaka 16 humsubiri mlangoni akiwa mtu mzima, pengine ana miaka mitano ya kazi katika kituo cha afya.

Kosa ninalolijua kwa karibu lilikuwa langu mwenyewe. Alikuwapo binti mmoja, mtoto wa mvuvi wa upande wa Ilemela, mwenye bidii na mwandiko wa kusomeka, aliyetaka kufanya kazi hospitalini. Shule tuliyokuwapo ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia kwa vidato vyote vinne, na vipindi vingi havikufundishwa. Aliponiuliza kama anaweza kuiacha Fizikia, nilimjibu kwamba Baiolojia na Kemia zinamtosha. Alipata C katika yote mawili. Alipoomba stashahada ya utabibu ndipo alipokuta kwamba masharti yanataja masomo matatu, na la tatu ni lile nililomruhusu aliache. Alikaa mwaka mzima akimsaidia shangazi yake kuuza dagaa, akisoma usiku, kisha akafanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea katika kituo chenye maabara, akapata D aliyoihitaji. Nilipaswa kufungua mwongozo mbele yake kabla ya kumjibu, na kazi hiyo ingenichukua robo saa.

Kozi nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa utazisoma mwenyewe. Uhandisi kwa kawaida hudai Hisabati na Fizikia Kidato cha Sita, ndiyo maana PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) huufungua zaidi, na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) huingia katika baadhi ya kozi zake. Kilimo, mifugo na uvuvi hupokea tahasusi zenye Baiolojia na Kemia, zikiwamo PCB, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na CBA (Kemia, Baiolojia na Kilimo). Uhasibu, uchumi na fedha hupokea ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na hata HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), lakini kozi nyingi za aina hiyo huangalia pia ulipata nini katika Hisabati ya Kidato cha Nne. Sheria, uandishi wa habari na utawala hupokea tahasusi nyingi za sanaa, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Malimbe, Nyegezi, kinatoa kozi za aina hiyo bila mtu kulazimika kuhama mkoa. Ualimu una sharti ambalo watu hulisahau: masomo utakayotaka kufundisha ndiyo unayopaswa kuwa umeyafaulu, kwa hiyo mwenye HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hawezi kuja kuwa mwalimu wa Jiografia.

Hatua ya nne: yatambue masomo bawaba

Ukishamaliza kuandika masharti ya kozi tano, pigia mstari kila somo linalojitokeza zaidi ya mara moja. Mimi huyaita masomo hayo bawaba, kwa kuwa mlango huzunguka juu yake. Kwa wanafunzi wengi ambao nimelifanya nao zoezi hili, majina yanayorudi ni yaleyale: Hisabati, Kiingereza, Kemia na Fizikia.

Hisabati inahitaji maneno ya ziada. Ni somo ambalo watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne nchini hulifeli mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba mwanafunzi anayepata F hajioni kuwa amepoteza kitu, kwa sababu wenzake wote wamepata hiyohiyo. Katika mfumo wa alama za Kidato cha Nne, D huanzia 30 na C huanzia 45. Tofauti kati ya mtu mwenye 18 na mtu mwenye 30 si kipaji. Ni mada tatu au nne zilizofanyiwa mazoezi mpaka zikakaa mkononi, kama vile takwimu, seti, uwiano na hesabu za biashara. Simwambii kila mwanafunzi apate A. Ninamwambia kwamba D ya Hisabati ni mali, na kwamba anayekwenda sanaa anaihitaji karibu sawa na anayekwenda sayansi. Hata anayechukua PCB au CBG atakutana tena na hisabati Kidato cha Tano katika somo ambalo wanafunzi huliita BAM, yaani Basic Applied Mathematics.

Kanuni ninayoifuata kwa mwanafunzi ambaye bado hajaamua ni kutoacha somo bawaba mpaka awe na sababu aliyoiandika. Kuongeza somo baada ya kuliacha ni kazi kubwa, ilhali kulipunguza baadaye ni rahisi.

Hatua ya tano: jipime kwa ushahidi

Hapa wapo wanaojidanganya kwa kujipandisha na wapo wanaojidanganya kwa kujishusha, na kundi la pili, kwa uzoefu wangu, lina wasichana wengi zaidi. Usitumie mtihani mmoja. Kusanya alama zako za mitihani minne au mitano, yaani ya mihula, ya kata au wilaya na ya upimaji wa taifa, uzipange kwa somo, kisha utazame mwelekeo. Aliyepata 25, 31, 38 na 44 katika Kemia ana habari njema kuliko aliyepata 60, 55, 47 na 44, ingawa wote wawili wana alama moja mwishoni.

Baada ya hapo jiulize alama zilipotelea wapi. Chukua karatasi ya mtihani uliosahihishwa, na pembeni ya kila swali ulilokosa andika sababu mojawapo kati ya hizi: sikufundishwa, nilifundishwa sikuelewa, nilielewa nikasahau, au sikuelewa Kiingereza cha swali. Hiyo ya mwisho hujitokeza kuliko watoto wanavyotarajia. Nimewaona wanafunzi walioamini kwamba hawana akili ya Baiolojia, kumbe maelezo waliyokuwa nayo kichwani kwa Kiswahili yalikuwa sahihi kabisa, na walichokikosa ni sentensi ya Kiingereza ya kuyabebea. Mwanafunzi wa namna hiyo akikimbilia sanaa atakuwa hajatatua chochote, kwa sababu huko kuna insha ndefu zaidi, isipokuwa katika somo la Kiswahili.

Kumpenda au kutompenda mwalimu kusiingie katika hesabu hii. Walimu huhama, na uhamisho wa Februari unaweza kumwondoa yule ambaye kwa ajili yake ulichagua somo mwezi Januari.

Hatua ya sita: iangalie shule ilivyo

Somo lililo katika karatasi si lazima liwe linafundishwa. Kabla ya kuamua, uliza maswali manne: je, mwalimu wa somo hili yupo, ni mmoja au zaidi, maabara inafanya kazi, na watahiniwa wa mwaka jana walipataje. Majibu ya swali la nne huna haja ya kuyaombea ruhusa, kwa kuwa Baraza la Mitihani, yaani NECTA, huchapisha matokeo ya kila shule katika tovuti yake.

Ukikuta kwamba somo unalolihitaji halina mwalimu, usiamue siku hiyohiyo kuliacha. Wapo wanafunzi wa visiwani Ukerewe na wa vijiji vya ndani ya Sengerema na Magu ambao hukaa na pengo hilo kwa muhula mzima, na wanaovuka ni wale waliounda kikundi cha watu watano au sita, wakatafuta madaftari ya wanafunzi wa shule yenye mwalimu, wakafanya mitihani ya miaka iliyopita kila Jumamosi, na wakatumia likizo za Juni na Desemba kwa masomo ya ziada. Mzazi naye ana nafasi yake: suala la mwalimu anayekosekana lina uzito zaidi likiletwa na wazazi katika kikao cha shule na kuandikwa katika muhtasari kuliko likinung'unikiwa njiani.

Hatua ya saba: jaza Selform kwa akili iliyotulia

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi za Kidato cha Tano kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za michezo, sanaa na lugha ambazo hazikuwapo awali. Wingi huo ni jambo jema, lakini umeleta mtego wake: tahasusi inayopendeza kwa jina inaweza kuwa inafundishwa katika shule chache za mbali, au inaweza kufungua kozi chache kuliko ile ya zamani inayofanana nayo. Kabla ya kuandika tahasusi mpya, rudi kwenye daftari uhakikishe kwamba angalau kozi mbili kati ya zako tano zinaipokea.

Panga machaguo yako kwa namna hii. La kwanza liwe lile linalofungua kozi unayoitaka zaidi. La pili liwe jirani yake, kwa mfano CBG kwa aliyeanza na PCB, ili ukikosa alama katika somo moja usitupwe mbali. Yanayofuata yatoke katika masomo ambayo alama zako zina uhakika zaidi. Epuka kujaza tahasusi moja ya sayansi na kuongezea tatu za sanaa ulizozinakili kwa rafiki. Sehemu ya vyuo nayo ijazwe kwa makini uleule, kwa kuwa vipo vyuo vya kati ambavyo mwanafunzi mwenye ufaulu mzuri huchaguliwa moja kwa moja.

Kumbuka pia namna alama zinavyohesabiwa. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na daraja hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25. Anayetarajia Kidato cha Tano anahitaji pia krediti tatu, yaani A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu. Hata hivyo daraja la kwanza lililojengwa na Kiswahili, Historia na Jiografia halimpeleki mtu PCB. Kinachotazamwa kwa tahasusi ni yale masomo yake matatu.

Baada ya matokeo kutoka, hufunguliwa dirisha la kubadilisha machaguo kwa muda maalumu, na kila mwaka wapo wanaolikosa kwa sababu wako shambani, kisiwani, au wamepoteza simu. Alama halisi ukiwa nazo mkononi, linganisha upya na daftari lako, na usibadilishe kwa sababu tu mtaa mzima unabadilisha.

Hatua ya nane: hesabu njia ya vyuo vya kati tangu mapema

Mwenye D nne katika masomo yasiyo ya dini ana sifa ya msingi ya kuanza astashahada, na kutoka hapo hupanda hadi stashahada na shahada. Watu hulisema hili kama maneno ya kumfariji aliyeshindwa, nami silioni hivyo. Kijana anayetaka uvuvi na ufugaji wa samaki ana chuo cha FETA hapohapo Nyegezi. Anayetaka uhifadhi ana taasisi ya wanyamapori ya Pasiansi, na anayetaka teknolojia ya ngozi ana kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliyopo hapa Mwanza. Anayetaka kilimo ana Ukiriguru, na anayetaka ufundi wa umeme, magari au uungaji vyuma ana VETA. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoainishwa, na orodha ya fani hizo isomwe kabla ya kuomba chuo, si baada ya kupokea barua ya kujiunga yenye ada.

Onyo moja tu hapa: kagua kama chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET. Bango lililo kando ya barabara ya Kenyatta si usajili.

Hatua ya tisa: zungumza nyumbani ukiwa na daftari

Mazungumzo mengi ya nyumbani huharibika kwa sababu kila upande huja na hisia bila karatasi. Namkumbuka baba mmoja mwenye mitumbwi Ukerewe, aliyefika ofisini kwangu akiwa na mwanawe.

"Mwalimu," alisema, "huyu nataka asome sayansi. Sanaa ni ya wasioweza."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwambia amwonyeshe baba yake alichokiandika. Akafungua daftari, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, naomba utazame hapa. Nikichukua EGM naweza kusoma takwimu, uchumi au upangaji miji. Hisabati nina 71. Fizikia nina 22, na zimekuwa hizohizo tangu mwaka jana."

Mzee alilivuta daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya alama, akauliza, "Na huo upangaji miji, ndio hawa wanaopima viwanja Nansio?"

"Ndio, baba. Wanashirikiana nao."

"Basi hiyo ni hisabati," alisema, na ubishi ukaishia hapo.

Mzazi anayesoma maneno haya ajue kwamba hatakiwi kuyajua masharti ya kozi kwa moyo. Anatakiwa aulize maswali mawili: "Umeyasoma wapi?" na "Alama zako zinasemaje?" Akiuliza hayo kwa binti yake kama anavyouliza kwa mwanawe wa kiume, na akampunguzia kazi za jioni ili naye apate saa mbili za kusoma, atakuwa amefanya zaidi ya mimi ninavyoweza kufanya ofisini.

Siku ya kuwasilisha uchaguzi

Soma jina lako katika kila karatasi herufi kwa herufi, na lilinganishe na cheti cha kuzaliwa na usajili wa mtihani, kwa kuwa tofauti ya herufi moja, kama Masanja na Masanga, huweza kumzungusha mtu ofisi tatu wakati wa kuomba mkopo au chuo. Piga picha fomu uliyoijaza, au inakili kwa mkono ikiwa simu haipo. Namba yako ya mtihani na neno la siri la akaunti ya Selform viandikwe katika jalada la ndani la daftari, na daftari hilo likabidhiwe mama, bibi au yeyote nyumbani ambaye vitu havimpotei, kwa sababu matokeo yanapotoka mwishoni mwa Januari wengi mtakuwa mmetawanyika, wengine Geita, wengine visiwani, na atakayepigiwa simu kuulizwa namba ni huyo.